Uvimbe Mdogo wa Figo Unaogunduliwa kwa Bahati

Chukua mfano wa mkulima wa makamo katika kijiji cha Robanda, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kwa miezi kadhaa amesumbuliwa na maumivu ya tumbo kila alapo chakula chenye mafuta. Zahanati inamwandikia barua ya kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, na huko anapimwa kwa altrasaundi. Mpimaji anaona vijiwe katika mfuko wa nyongo, na sababu ya maumivu inajulikana. Lakini chombo kinapopita chini ya ini, mpimaji anaona jambo jingine ambalo hakulitafuta: katika figo ya kulia pana uvimbe wa duara wenye kipenyo cha sentimita 2.5. Mgonjwa hajapata kuumwa figo maishani mwake, na mkojo wake ni safi.

Mtu huyu si mtu fulani, ila tukio lenyewe ni la kweli na linazidi kuongezeka mahali popote penye vyombo vya kupiga picha za ndani ya mwili. Zamani vitabu vya utabibu vilifundisha kwamba saratani ya figo hujulikana kwa dalili tatu: damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni, na uvimbe unaoweza kupapaswa kwa mkono. Siku hizi mgonjwa mwenye dalili zote tatu ni nadra, na aonekanapo mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Katika nchi zenye vyombo vingi, zaidi ya nusu ya vivimbe vya figo hugunduliwa kwa bahati, wakati daktari anatafuta kitu kingine.

Bahati hiyo huleta swali gumu. Je, uvimbe huo uondolewe mara moja, au uachwe? Akikosea upande mmoja, daktari ataiacha saratani ikue. Akikosea upande wa pili, atamnyima mtu figo nzima kwa sababu ya kitu ambacho kisingemdhuru kamwe. Makala hii yaeleza jinsi sayansi inavyojaribu kulijibu swali hilo.

Figo na kazi yake

Kila binadamu huzaliwa kwa kawaida na figo mbili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 11 hivi kwa mtu mzima. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu, na karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu ndizo zitokazo kama mkojo, zikiwa zimebeba takataka za mwili.

Nefroni iliyokufa haioti tena. Ndiyo maana swali la kuondoa figo si la saratani peke yake. Ni swali pia la vichujio vingapi mgonjwa atabaki navyo kwa miaka 20 au 30 ijayo.

Jinsi sauti inavyoona

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yenye masafa makubwa kupita uwezo wa sikio, kwa kawaida kati ya mizunguko milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde kwa uchunguzi wa tumbo. Sauti hiyo husafiri katika nyama za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ikikutana na mpaka wa vitu viwili visivyofanana, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Chombo hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha huchora picha.

Mwanafunzi aweza kufanya hesabu mwenyewe. Ikiwa uvimbe uko sentimita 7.7 chini ya ngozi, sauti husafiri sentimita 15.4, yaani mita 0.154, kwenda na kurudi. Gawanya kwa 1,540, na jibu ni sekunde 0.0001. Katika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, chombo kimekwisha kupata habari.

Jambo la kwanza ambalo picha hii hueleza ni kama uvimbe una maji au ni nyama. Maji matupu hayarudishi mwangwi, kwa hiyo kifuko cha maji huonekana cheusi, chenye ukuta mwembamba ulionyooka. Vifuko vya namna hii ni vya kawaida sana: yapata robo ya watu waliopita umri wa miaka 50 wana angalau kimoja. Havina madhara, navyo havihitaji kukatwa wala kufuatiliwa. Laiti kila anayeambiwa kuwa ana "kitu kwenye figo" angelifahamishwa jambo hili mapema, wengi wangelala usingizi.

Kuna pia vifuko vyenye kuta ndani yake, au chokaa, au sehemu za nyama. Mwaka 1986 daktari Mmarekani Morton Bosniak alitoa utaratibu wa kuvipanga kwa madaraja, kuanzia I, kifuko cha maji matupu, hadi IV, ambacho mara nyingi ni saratani. Katika daraja la III uwezekano wa saratani ni kama nusu kwa nusu. Utaratibu huo umerekebishwa mara kadhaa, lakini msingi wake ungali ukitumika duniani kote.

Picha ya pili

Ikiwa uvimbe ni wa nyama, altrasaundi haitoshi. Mgonjwa hupelekwa kwenye siti-skani, ambayo kwa watu wa Mara kwa muda mrefu ilimaanisha safari ya Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Katika miaka ya karibuni mashine hizi zimefikishwa pia katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa.

Chombo hiki kina mizizi yake katika Afrika pia. Hesabu zilizowezesha kujenga picha ya ndani ya mwili kutokana na miali mingi ya eksirei zilianza kufanywa na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, wakati akifanya kazi Cape Town katika miaka ya 1950. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha karibu na London mwaka 1971. Wote wawili walishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979.

Siti-skani hupima ni kiasi gani kila sehemu ya mwili huzuia eksirei, na kipimo hicho huitwa kwa jina la Hounsfield. Maji hupewa 0, hewa hasi 1,000, na mafuta hasi 100 hivi. Hapa ndipo namba zinapoanza kusema. Uvimbe wa figo ukionyesha sehemu zenye vipimo chini ya hasi 10, una mafuta ndani yake, na karibu daima ni anjiomailipoma, uvimbe usio wa saratani. Hata hivyo, "si saratani" haina maana ya "hauna hatari": anjiomailipoma ikikua kupita sentimita 4 hivi yaweza kupasuka na kutoa damu nyingi, hasa wakati wa ujauzito.

Kisha mgonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye madini ya joto ambayo hung'arisha mishipa ya damu, na picha hupigwa tena. Kipimo cha uvimbe kikipanda kwa 20 au zaidi, damu inapita ndani yake. Basi ni nyama hai. Kabla ya dawa hiyo damu ya mgonjwa hupimwa kreatinini, ili kujua kama figo zake zina nguvu ya kutosha.

Si kila uvimbe wa nyama ni saratani

Madaktari huuita uvimbe wa figo "mdogo" ukiwa na kipenyo cha sentimita 4 au chini yake. Vivimbe vya ukubwa huo vilivyokatwa na kuchunguzwa kwa darubini vimeonyesha kwamba takriban kimoja kati ya vitano si saratani kabisa. Kadiri uvimbe ulivyo mdogo, ndivyo uwezekano huo unavyozidi. Miongoni mwa vilivyo saratani, vingi ni vya aina isiyo na haraka.

Tatizo ni kwamba picha peke yake haiwezi kutofautisha daima. Onkositoma, ambayo si saratani, hufanana sana na saratani katika siti-skani. Njia mojawapo ya kupata uhakika ni kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano na kukitazama kwa darubini. Kipimo hiki hutoa jibu katika wagonjwa 8 au 9 hivi kati ya 10, na hatari ya kueneza saratani kwa njia ya sindano ni ndogo mno. Hata hivyo kipande chaweza kukosa sehemu yenye ugonjwa. Kwa hiyo jibu la "hapana saratani" halifungi mjadala moja kwa moja.

Hesabu ya ukubwa

Vivimbe vidogo vya figo vilivyoachwa na kufuatiliwa vimeonyesha kukua polepole: kwa wastani milimita 2 au 3 za kipenyo kwa mwaka, na vingine havikui kabisa. Kwa mwendo wa milimita 3, uvimbe wa sentimita 2.5 utahitaji miaka 5 kufikia sentimita 4. Uwezekano wa kuenea sehemu nyingine za mwili katika miaka ya mwanzo ya ufuatiliaji ni mdogo, yapata mgonjwa 1 au 2 kati ya 100.

Hapa mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi zoezi lenye faida. Uvimbe wa duara ukitoka kipenyo cha sentimita 2 hadi 4, kipenyo kimeongezeka mara mbili, lakini ujazo umeongezeka mara nane, kwa sababu ujazo hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Vivyo hivyo, uvimbe ukitoka sentimita 2.5 hadi 2.8, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 12 tu, kumbe ujazo umeongezeka kwa asilimia 40 hivi.

Upande mwingine wa zoezi ni makosa ya vipimo. Wapimaji wawili wakipima uvimbe uleule siku moja, waweza kupishana kwa milimita kadhaa. Kwa hiyo tofauti ya milimita 2 kati ya picha mbili haithibitishi kwamba uvimbe umekua. Yafaa kutumia chombo cha aina ileile kila mara, na kulinganisha picha zenyewe badala ya maneno ya ripoti pekee.

Njia nne za kutibu

Njia ya kwanza ni kuondoa figo nzima. Charles Robson wa Toronto, Kanada, alipochapisha matokeo yake mwaka 1969, alionyesha kwamba kuondoa figo pamoja na mafuta yanayoizunguka kuliwaponya wagonjwa wengi ambao zamani wangekufa. Njia hiyo ikawa kanuni kwa miaka mingi. Lakini vivimbe vya siku zile vilikuwa vikubwa, kwa sababu viligunduliwa kwa dalili.

Njia ya pili ni kukata uvimbe peke yake na kuacha sehemu iliyobaki ya figo. Majaribio yaliyoanza Ulaya mwaka 1992, yaliyowahusisha wagonjwa 541 na kutoa matokeo mwaka 2011, yalionyesha kwamba njia zote mbili ziliidhibiti saratani vema. Waliobakiziwa sehemu ya figo walikuwa na figo zenye nguvu zaidi, ingawa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Upasuaji huu ni mgumu zaidi, na hatari ya kutoka damu ni kubwa kidogo. Wahitaji daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, kama wanaopatikana Bugando, KCMC ya Moshi na Muhimbili.

Njia ya tatu ni kuua uvimbe kwa joto au kwa baridi kali kupitia sindano, bila kupasua. Huwafaa hasa wenye vivimbe vya chini ya sentimita 3 wasioweza kustahimili upasuaji. Uvimbe hurudi mara nyingi kidogo kuliko baada ya kukatwa, na vyombo vyake havipo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Njia ya nne ni kungoja huku ukiangalia. Mgonjwa hupigwa picha baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila miezi 6 kwa muda wa miaka miwili hivi, halafu kila mwaka. Uvimbe ukikua zaidi ya milimita 5 kwa mwaka, au ukipita sentimita 4, au dalili zikitokea, matibabu huanza. Njia hii huwafaa sana wazee na wenye maradhi mengine mazito, ambao upasuaji waweza kuwadhuru mapema kuliko uvimbe wenyewe. Kwa kijana mwenye afya, mwenye miaka mingi mbele yake, madaktari wengi huelekea kwenye kukata sehemu.

Ni kweli kwamba mtu mwenye figo moja nzima aweza kuishi vizuri. Wanaowatolea ndugu zao figo ni ushahidi. Lakini wanaotoa figo huchaguliwa kwa afya yao. Mwenye shinikizo la damu au kisukari, magonjwa yanayoongezeka Tanzania, ataitegemea figo iliyobaki ambayo nayo inaharibika. Zikishindwa zote, hubaki kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki kwa kawaida, au kupandikizwa figo, huduma iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2017 pale Muhimbili. Kwa mtu wa Robanda, safari tatu kwa wiki maana yake ni kuhama kijiji.

Kungoja si kusahau

Wakazi wa Robanda huwaona nyumbu wakipita karibu na mashamba yao kila mwaka. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa wakapatikana 260,000 na zaidi kidogo. Hesabu hiyo pekee haikuweza kumwambia mtu yeyote kama wanaongezeka au wanapungua. Ni hesabu zilizofuata, hadi zilipopita milioni moja mwaka 1977, ndizo zilizoonyesha kwamba kutoweka kwa sotoka kuliwafanya wazidi.

Mkoa wa Mara una funzo jingine la namna hiyo, tena la saratani yenyewe. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wenye umri chini ya miaka 10 katika wilaya iliyoitwa wakati ule Mara Kaskazini, ambayo leo ni Tarime na Rorya, walipewa klorokwini ili kuona kama kuzuia malaria kungepunguza saratani ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya. Wagonjwa walipungua. Lakini kumbukumbu za miaka iliyotangulia zilionyesha kwamba upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa, hivyo haikuwezekana kuipa dawa sifa yote. Bila kumbukumbu za nyuma, kosa hilo lisingalionekana.

Uvimbe wa figo ni vivyo hivyo. Picha moja ni hesabu ya mwaka mmoja. Thamani ya kungoja imo katika picha ya pili, ya tatu na ya nne. Katika miji mikubwa ya nje hospitali humwita mgonjwa. Kijijini mvua yaweza kukata barabara, mavuno yaweza kufika wakati uleule wa miadi, na nauli yaweza kukosekana. Mtu aliyeambiwa "tutaangalia" asiporudi, hajafuata njia ya nne. Ameacha matibabu bila kujua. Kwa hiyo daktari anayependekeza kungoja hana budi kuuliza kwanza kama mgonjwa ataweza kurudi. Jibu likiwa hapana, yaweza kuwa busara kukata mapema, ingawa uvimbe ni mdogo.

Mgonjwa naye aombe nakala ya picha na ripoti, azihifadhi mahali pakavu, na azibebe kila aendapo hospitali. Ukubwa wa uvimbe, figo ya upande gani, na tarehe ya kipimo viandikwe katika daftari la nyumbani. Mtoto wa sekondari anayejua kusoma sentimita na tarehe aweza kuwa mlinzi mzuri wa kumbukumbu hizo kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba.

Yasiyongoja

Maelezo yote haya yanahusu uvimbe mdogo, usio na dalili, kwa mtu mzima. Kuna mambo mawili yasiyofaa kungojwa.

La kwanza ni damu katika mkojo. Katika Kanda ya Ziwa wengi hufikiri mara moja juu ya kichocho, na mara nyingi ni sahihi. Lakini mtu mzima ambaye damu yake haikomi baada ya tiba ya kichocho, au ambaye hakuonekana na mayai ya kichocho, apelekwe hospitali akachunguzwe figo na kibofu.

La pili ni tumbo la mtoto lililovimba upande mmoja. Watoto, hasa walio chini ya miaka 5, hupatwa na saratani ya figo ya namna nyingine, inayoitwa kwa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1899. Hii haikui polepole. Uvimbe wake waweza kudhaniwa kuwa bandama la malaria, na wiki zikapita kwa dawa zisizohusika. Ikiwahiwa kwa dawa na upasuaji, katika nchi zenye huduma kamili hupona watoto takriban 9 kati ya 10. Mzazi anayemwogesha mtoto na kuhisi kitu kigumu tumboni asikibonyezebonyeze. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ama mkulima wetu wa mfano, aliyekwenda Mugumu kwa vijiwe vya nyongo, afaa kuondoka na mambo matatu: siti-skani iliyopangwa, nakala ya picha yake, na tarehe ya kurudi. Aidha, akiwa mvutaji wa sigara aache, na shinikizo lake la damu lipimwe, kwa kuwa sigara, unene uliozidi na shinikizo la damu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza saratani ya figo. Hana sababu ya kuuza ng'ombe wake wote usiku ule kwa hofu. Wala hana ruhusa ya kusahau.